Malindi na Magarini: pampu na mashine ya kusaga zimeingia zenyewe, trekta mbona inasuasua?

Shamba_Sabaki (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke wa jioni.

Mvua ya mwaka inakaribia, na kuanzia Madunguni hadi Marafa gumzo ni lile lile: trekta ya serikali itafika lini, nani ataandikwa mwanzo, na aliyeandikwa msimu uliopita asifikiwe atafidiwa vipi. Mimi nalima kando ya Mto Sabaki, na kilichonifanya niandike ni kwamba tunalizungumza jambo hili kwa kulishika mkia. Tunauliza trekta zinunuliwe ngapi. Mimi nataka tuulize kwanza ni mashine zipi zimekwisha kuenea huku kwetu bila mradi, bila mkutano wa chifu, bila kukata utepe, na zimewezaje.

Ya kwanza ni mashine ya kusaga. Nenda Jilore, Kakoneni, Garashi, popote penye maduka matatu utaikuta inanguruma. Hakuna aliyefundishwa faida yake. Mama aliyekuwa akitwanga na kusaga mahindi kwa mkono kila siku aliijua faida siku ya kwanza. Hahitaji kuimiliki, analipa kwa kilo, anarudi nyumbani. Na mwenye mashine ana wateja mwaka mzima, kwa sababu watu wanakula mwaka mzima.

Ya pili ni pampu ya petroli, hii ndogo inayobebwa nyuma ya bodaboda. Pita kando ya Sabaki wakati wa kiangazi uone nyanya, mabamia, matikiti na ndizi, kila mmoja na bomba lake mtoni. Pampu moja hutumiwa na mashamba matatu, manne, kwa zamu. Ikiharibika, fundi wa pikipiki anaifungua, kwa kuwa injini ni za ukoo mmoja. Spea ziko Malindi mjini. Ukikwama, unaiuza kwa jirani na pesa yako inarudi karibu yote.

Ya tatu ni ya kupukuchua mahindi, ingawa hiyo bado haijafika kila mahali.

Sasa itazameni trekta kwa macho hayo hayo. Bei yake ni mamilioni ya shilingi. Kazi yake kubwa, kulima, hutakiwa na watu wote katika majuma yale yale mawili matatu, mvua ya kwanza ikishika. Trekta nzuri yenye plau ya sahani tatu ikilima ekari sita kwa siku, kwa siku ishirini ni ekari 120. Ongeza vuli, ni 240, hapo mambo yakienda sawa. Miezi iliyobaki inalala, au inavuta trela. Hapo ndipo hesabu inapokataa, na haikatai kwa sababu mkulima wa Magarini ni mvivu au hapendi maendeleo, kama nilivyowahi kusikia ikisemwa kwenye semina mbele ya wakulima wenyewe. Neno lile lilinichoma.

Na tusisahau kwamba mashine kubwa si ngeni hapa. Wazee wa Magarini wanaukumbuka mradi wa makazi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Australia. Wataalamu walikuja na ujuzi wa kulima nchi kavu walioupata kwao. Visima vilichimbwa, vingi vikatoa maji ya chumvi au vikawa vikavu. Kabla ya miaka ya 1980 kwisha, fedha za Australia zikawa zimeondoka. Majirani zetu Tanganyika walipata somo kubwa zaidi: Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947, wakaleta matrekta yaliyobaki vitani, hata vifaru vikageuzwa kuwa mashine za kufyeka pori. Ardhi ikakauka ikawa ngumu kama saruji, mibuyu ikagoma kung'oka, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30. Na hapa juu yetu, kwenye mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu, mwaka 2014 ilizinduliwa habari ya ekari milioni moja, kuanzia na shamba la mfano la ekari 10,000. Kila mmoja wetu anajua ile milioni haikufikiwa.

Nitaendelea chini, nina mengi juu ya hesabu ya kulima ekari moja.

---

Shamba_Sabaki

Naendelea.

Chukueni ekari moja. Ni mita za mraba 4,047. Plau ya sahani tatu hukata upana wa sentimita tisini hivi. Kwa hiyo kulimaliza shamba trekta inatembea kilomita nne na nusu ndani ya ekari hiyo moja. Kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, ni dakika hamsini na kitu za kulima. Hapo bado hatujahesabu kugeuza.

Shamba la mraba, mita 64 kwa 64, linadai trekta igeuze zaidi ya mara sabini. Kila kugeuza ni kuinua plau, kukata kona, kurudi nyuma kidogo, kushusha plau. Sema nusu dakika. Hiyo ni nusu saa na zaidi inayokwenda pembeni, dizeli inaungua na hakuna udongo uliopinduliwa. Sasa chukua ekari ile ile, ila iwe mita 200 kwa 20. Kugeuza kunashuka hadi mara ishirini na mbili hivi. Ekari ni moja, dizeli ni mbalimbali, muda ni mbalimbali, na bei ya haki ingekuwa mbalimbali.

Mashamba yetu mengi ni ya mraba, au hayana umbo kabisa, na katikati kuna mkorosho, miembe miwili, na minazi ya mtu mwingine. Huku pwani mti unaweza kuwa wa Fulani na ardhi ikawa ya Fulani mwingine. Dereva akiugonga mnazi, kesi inakwenda kwa mtu ambaye hata hakukodi trekta!

Ongeza visiki. Sisi tulizoea kufyeka, kuchoma, kulima miaka michache na kuliacha shamba lipumzike. Kwa jembe la mkono kisiki hakina shida, unakizunguka. Trekta haizunguki. Na wenzetu wa bara walipitia plau ya ng'ombe kabla ya trekta, kwa hiyo visiki viling'olewa na babu zao. Sisi hatua ile hatukuipita. Sehemu nyingi za ukanda huu mbung'o walikuwa wakiwamaliza ng'ombe, na maksai hawakuwahi kuwa kitu cha kawaida. Tunatakiwa turuke kutoka jembe la mkono hadi farasi hamsini za injini kwa hatua moja.

---

Dereva_wa_Tinga

Shekhe umenena. Mimi ni mtu wa usukani, naendesha tinga la mtu, kazi yangu ni Gongoni, Marafa na Adu. Wacha niseme ya upande wetu maana watu hutuona wabaya.

Mvua ikipiga usiku, asubuhi simu haizimi. Kila mtu anataka aanze yeye. Nikimaliza ekari moja Marafa halafu mteja wa pili yuko kilomita kumi na mbili, dizeli ya njiani nani analipa? Ndiyo maana tunapita shamba la ekari moja tukaenda kwa mwenye ekari kumi. Si dharau. Tajiri yangu anataka hesabu jioni.

Kisiki nacho ni adui. Sahani ikigonga kisiki kilichofichwa na majani, kama bahati mbaya inapasuka, au beringi ya kitovu inalegea. Huku kwetu mchanga mwekundu unaingia kwenye beringi hata bila kugonga kitu. Oilsili, yaani mpira wa kuzuia grisi isitoke, ikichoka kidogo tu, grisi inatoka, mchanga unaingia, na ukiinua plau ukaizungusha ile sahani kwa mkono unasikia inasaga. Hapo ujue una siku moja au mbili. Spea mara nyingi ni Mombasa. Nikingoja spea, msimu unanipita.

Mimi sasa nina mtindo: nafika, sishushi plau. Natembea shamba zima na panga, mwenyeji mbele yangu, kila kisiki tunakifunga kitambaa au tunasimamisha mti. Watu huona nachelewesha, lakini plau yangu inamaliza msimu.

---

Mama_Pamba_Mpeketoni

Kaka Shamba_Sabaki, asante kwa uzi. Niko huku Lamu, Mpeketoni. Mashamba yetu ya skimu yalipimwa tangu miaka ya 1970, yana mipaka iliyonyooka, barabara zinapita kati yake, kwa hiyo trekta kwetu imeingia vizuri kuliko huko kwenu. Hilo linathibitisha unachosema.

Lakini nyinyi wanaume mnazungumza kulima tu. Kulima ni siku moja! Mimi zamani nilikuwa na ekari mbili za pamba na mahindi, nikilima kwa jembe na watoto. Trekta ilipoanza kuja nikaongeza, ikawa tano. Vizuri sana, sawa. Sasa palizi ya ekari tano nani anafanya? Ni mimi na binti zangu na vibarua tunaogombania na majirani. Magugu hayangoji. Pamba ukichelewa kuipalilia ikiwa changa, imekwisha. Halafu kuchuma, vidole hivi hivi, kila tunda linafunguka siku yake.

Mashine imeondoa kazi ya mwanamume ikaongeza ya mwanamke. Nasema bila chuki, lakini liandikwe.

---

Shamba_Sabaki

Dada, limeandikwa, na ni la maana kuliko mengi niliyoandika mimi. Trekta ikiongeza eneo bila kuja na kitu cha palizi, inamhamishia mtu mwingine mzigo, na mtu huyo mara nyingi si aliyelipa trekta wala aliyeulizwa.

Dawa ya magugu watu wameikimbilia kwa sababu hiyo hiyo. Naiona Magarini pia, mtu amebeba pampu ya mgongoni, hana glavu wala kitambaa cha uso, chupa tupu zinatupwa mtaroni. Mimi ningependa kuona kitu kingine kikijaribiwa kwenu hasa, maana mna punda. Lamu nzima punda anabeba mawe, mchanga, maji, lakini shambani hatumpi kazi. Punda mmoja aliyelishwa vizuri anaweza kuvuta jembe la palizi katikati ya mistari, wakulima wa nchi kama Zimbabwe wanamtumia shambani. Sharti moja: mistari iwe imenyooka na nafasi iwe sawa, yaani upandaji wenyewe uwe wa kamba. Ukipanda ovyo ovyo, hakuna mashine wala punda atakayepita.

---

Mchumi_Mtaani

Ndugu mwanzisha uzi, hoja zako nzuri, ila mbona nchi nyingine zimeweza? Bangladesh wakulima wana vishamba vidogo kuliko vya Magarini na wamejaa mashine.

---

Shamba_Sabaki

Nashukuru umeitaja Bangladesh, ndiyo mfano ninaoupenda.

Mwaka 1988 mafuriko makubwa yaliua mifugo mingi, ng'ombe wa kulimia wakapungua ghafla. Serikali yao ilikuwa na masharti mengi juu ya injini na mashine za kilimo zinazoruhusiwa kuingia nchini. Ikayalegeza na kupunguza ushuru. Wafanyabiashara wakaingiza trekta ndogo za magurudumu mawili kutoka China, za bei nafuu, ambazo wataalamu walikuwa wakizidharau kwamba hazidumu. Hazikudumu sana kweli, lakini fundi wa kijijini aliweza kuzifungua. Leo sehemu kubwa ya ardhi yao inalimwa kwa mashine, na wakulima wengi hawana hata boliti moja ya mashine hiyo. Jirani anayo, wao wanakodi. Wengi wana chini ya ekari mbili na nusu. Kwa hiyo udogo wa shamba peke yake hauzuii mashine, mradi kuwe na soko la kukodi na mashamba yawe karibu karibu.

Tofauti yetu na wao ni hii: kule mashamba yamepakana, ni tambarare, ni ya mpunga wa maji, udongo laini, visiki hakuna. Tanzania nao walileta pawatila nyingi, yaani hizo hizo trekta ndogo za magurudumu mawili, baada ya mpango wa serikali yao wa Kilimo Kwanza mwaka 2009. Penye mpunga zikapata kazi. Kwenye ardhi kavu na ngumu zikalemewa, nyingi zikaishia kuvuta trela. Mashine ile ile, udongo mwingine.

Na China yenyewe: mashine za kuvuna ngano hazikai kijiji kimoja. Zinaanza kusini ngano inapowahi kuiva, zinapanda kaskazini wiki baada ya wiki. Mwenye mashine anapata msimu mrefu kuliko wa kijijini kwake. Sisi huku mvua ikinyesha Malindi, mara nyingi Lamu nako inanyesha, kwa hiyo ujanja wa kuhamahama hautusaidii sana. Kitakachoipa trekta yetu kazi mwaka mzima ni trela, maji, mchanga wa ujenzi, mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni wakati wa kiangazi, na mashine ya kupukuchua inayoendeshwa na injini ya trekta. Mwenye trekta anayetegemea kulima tu atafilisika, na mimi sitamlaumu akiiuza.

Kuna pia mtindo wa kuzifunga trekta kifaa cha kuonyesha ziko wapi, halafu wakala anakusanya maombi ya wakulima wadogo mpaka yafike ekari za kutosha, ndipo trekta inaitwa. Kampuni ya Hello Tractor walianza hivyo Nigeria mwaka 2014, na Kenya wapo. Kifaa hicho kinasaidia, lakini kazi ngumu ni ya yule wakala anayezunguka na daftari kuwashawishi watu ishirini wakubali kulimiwa siku moja.

---

Kijana_wa_Ganda

Mzee naomba kuuliza. Trekta zikijaa, vibarua tutakwenda wapi? Mimi nalima mashamba ya watu kwa jembe, ndiyo nalipia karo za wadogo zangu.

---

Shamba_Sabaki

Mdogo wangu, swali lako nisingependa kulipita kwa maneno mepesi.

Kwanza ukweli: kazi ya kulima kwa jembe itapungua. Ile ya palizi na kuvuna, kama dada wa Mpeketoni alivyosema, inaongezeka kwa muda, na hapo kibarua ana sauti ya kudai bei. Lakini ninachokihofia zaidi kwa huku kwetu ni ardhi.

Malindi hii iliwahi kuwa ghala la nafaka. Katika miaka ya 1860 na kuendelea, mtama na ufuta wa hapa ulipakiwa majahazini ukauzwa ng'ambo, na waliolima walikuwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi za pwani. Waliokuwa na uwezo wa kudai na kuandikisha waliandikisha. Wamijikenda wengi, na waliokuwa watumwa, wakabaki wakilima ardhi ambayo kwenye karatasi ni ya mwingine au ya serikali. Neno maskwota tunalolisikia mpaka leo mizizi yake iko huko.

Sasa muweke trekta hapo. Ethiopia, eneo la Chilalo, mwaka 1967 ulianza mradi wa kilimo kwa msaada wa Sweden, uliokusudiwa kuwainua wakulima wadogo. Mbegu bora na mbolea zikafanya ngano ilipe. Wenye ardhi wakaona trekta inaweza kulima peke yake, wapangaji wa nini? Wakawafukuza. Kosa halikuwa la trekta, bali aliyekuwa akilima hakuwa na karatasi ya kumlinda.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kuleta trekta mia Magarini, swali langu kwake ni: hati zimefika wapi? Ni swali la kulima vile vile, si la siasa tu. Ni nani atakayetumia wiki nzima kung'oa visiki kwenye ardhi ambayo mwakani anaweza kuambiwa aondoke? Kung'oa visiki ni kumtengenezea mwenye karatasi shamba.

---

Dereva_wa_Tinga

Hapo umegusa. Nimelima mahali mwenyeji ananiambia usisogee karibu na ule mpaka, kuna kesi. Unalima nusu ekari, unaacha nusu.

Ila nataka kuuliza jambo la kazi. Hiyo habari ya kukusanya ekari, kwa nini tusiifanye hapa hapa? Ukinipatia ekari arobaini zilizo pamoja upande wa Garashi, tajiri atakubali kuteremsha bei, maana tinga linakaa eneo moja siku saba, linalala hapo hapo, dizeli inaletwa mara moja.

---

Shamba_Sabaki

Kaka, hilo ndilo nililolitaka. Wacha tulifanye kwa mpangilio, na wengine wachukue mtindo huo kwao.

Majirani ambao mashamba yao yamefuatana wakubaliane trekta ilime kwa mstari mmoja mrefu, ipite mipaka bila kugeuza. Mipaka iwekewe vigingi kabla, viwili viwili pembeni, kisha baada ya kulima ivutwe kamba kila mtu apate lake. Mashamba matano ya mita 64 yakiunganishwa ni mstari wa mita 320; kugeuza kunabaki sehemu moja kwa tano. Akiba hiyo ndiyo ya kumwomba tajiri wako apunguze bei, haombwi sadaka.

Kwenye mteremko, mstari ukate mteremko, usishuke nao. Mchanga wetu mwekundu ukilimwa kuelekea bondeni, mvua moja kubwa inauteremsha wote Sabaki. Mnaona wenyewe maji ya bahari pale mdomoni yanavyokuwa rangi ya matofali. Na si lazima plau ya sahani kila msimu. Mwenye jino la kupasua udongo bila kuupindua tumtafute, dizeli yake ni kidogo na unyevu unabaki.

Pesa ya kumtangulizia mwenye trekta ikusanywe na chama cha kina mama kilichopo, maana vitabu vyao viko sawa. Mwenye shamba lenye kesi ya mpaka aseme mapema tumruke.

---

Mama_Pamba_Mpeketoni

Na palizi?

---

Shamba_Sabaki

Na palizi, dada. Tumekubaliana wale waliojiandikisha wapande kwa kamba, mistari ya sentimita 75, na tunatafuta jembe la palizi la kuvutwa na punda. Kama huko Mpeketoni kuna fundi wa kuchomelea anayeweza kulitengeneza kwa mchoro, nitumie bei yake faragha. Tutaanza na mawili.

Dereva, orodha ya Garashi imefika ekari ishirini na sita, zote zimefuatana isipokuwa tatu. Visiki vinaanza kufungwa vitambaa Jumamosi. Njoo utembee nasi na panga lako kabla hujampelekea tajiri bei.

---

Dereva_wa_Tinga

Nitakuja. Mchague kitambaa cheupe, chekundu hakionekani kwenye udongo wa Garashi.